Kilema au Sirimon: ukiwa na baiskeli, upande mlima upi?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiojuana. Mmoja ni binamu yangu wa Tabata, ambaye tangu anunue baiskeli ya mlimani hataki tena kusikia habari za lami. Mwingine ni rafiki wa Thika, mwendeshaji mzuri kunishinda, ambaye alikuwa hajui kwamba hata Mlima Kenya magurudumu yanaingia. Swali lao: nikitaka kupanda mlima mrefu kwa baiskeli na kuteremka kwa baiskeli hiyo hiyo, nianze na upi?

Wote wawili nimewajibu kwa swali. Unataka kuendesha, au unataka kufika juu? Maana hayo ni mambo mawili, na kwenye milima hii hayalali kitanda kimoja.

Njia ninazozilinganisha hapa nimezipita zote: Kilema, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, na Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya. Nitataja pia njia ya Naro Moru kidogo, kwa sababu kuna watu itawafaa kuliko zote mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu kilele. Kwa Kilema, baiskeli inakupeleka hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720, kisha hadi kibanda cha Kibo, mita 4,720. Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, umebakiwa na mita 1,175 za kokoto zinazokimbia chini ya viatu, na hizo ni za miguu. Kwa Sirimon, gurudumu linaanza kazi langoni, mita 2,650, na kuimaliza kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kilele cha Lenana chenye mita 4,985 kiko mbali na hapo, na kile cha Batian chenye mita 5,199 ni ya watu wa kamba na kofia ngumu. Ni kweli wapo waliofikisha baiskeli vileleni. Nicholas Crane na binamu yake Richard, Waingereza, walizifikisha juu ya Kilimanjaro mwishoni mwa 1984. Miaka ya karibuni Hans Rey na Danny MacAskill, waendeshaji mashuhuri wa baiskeli za mlimani, walizipandisha kwenye milima yote miwili, Lenana kisha Uhuru. Lakini ukiangalia picha zao utaona baiskeli ikiwa mgongoni mara nyingi kuliko mgongo ukiwa kwenye baiskeli. Huo ni ujasiri wa aina yake, ila hapa namwandikia mtu anayetaka kukanyaga pedeli.

Baiskeli haijui pole pole

Kila aliyewahi kupanda Kilimanjaro amechoshwa na neno "pole pole". Waongozaji wanalirudia mpaka unaliota usiku, na wana haki. Anayetembea anaweza kupunguza mwendo bila kikomo. Pumzi ikipungua anafupisha hatua, ikipungua zaidi anasimama, anahesabu kumi, anaendelea.

Baiskeli ina mwendo wake wa chini kabisa. Ukishuka chini ya kilomita nne kwa saa hivi, usukani unaanza kuyumba, gurudumu la mbele linatafuta jiwe, na unaweka mguu chini. Kwa hiyo kwenye mwinuko mkali huna hiari: ama unalipa nguvu yote inayotakiwa kwenda mwendo huo, ama unashuka na kukokota. Hapo ndipo urefu wa mlima unapokukamata. Old Moses, kila pumzi inakupa oksijeni kama theluthi mbili ya ile ya Tanga au Mombasa. Kibo inakupa zaidi kidogo ya nusu. Mguu uliokuwa unasukuma mlima wa Lushoto bila shida unageuka kuwa wa mtu mwingine.

Sasa weka hesabu ya mwinuko juu ya hiyo. Kutoka lango la Sirimon hadi Old Moses ni kilomita 9 hivi na mita 650 za kupanda, yaani wastani wa mita 72 kwa kila kilomita. Kutoka Horombo hadi Kibo ni kilomita 9 au 10 na mita 1,000 za kupanda, yaani mita mia na ushee kwa kilomita, tena hazikugawanywa sawa. Katikati kuna lile tambarare kubwa baina ya vilele vya Mawenzi na Kibo ambalo unaweza kulikata ukiwa umekaa, upepo ukikupiga ubavuni kama mtu anayekudai. Kabla yake na baada yake ndipo mita zote zilipojificha.

Matokeo yangu mimi, mwendeshaji wa kawaida mwenye miaka arobaini na kitu: Sirimon nilikokota labda kilomita moja na nusu kati ya zile tisa. Kilema, kutoka langoni hadi Horombo, nilikokota kama theluthi ya njia. Kutoka Horombo hadi Kibo nilikokota zaidi ya nusu, na ile sehemu ya mwisho kabla ya kibanda nilikuwa nikiiegemea baiskeli kama mzee anavyoegemea mkongojo. Kijana aliyekuwa akiniongoza aliangalia kwa muda, akasema kwa adabu, "Kaka, hiyo baiskeli sasa inakupanda wewe."

Njia zenyewe

Kilema inaanzia vihambani. Kabla hujafika kwenye hifadhi umepita migomba, kahawa, mifereji ya maji inayokata barabara, na watoto wanaokimbia nyuma ya baiskeli wakitaka wapewe zamu. Misheni ya Kilema, iliyoanzishwa 1890, iko chini kidogo, na akina mama wanaotoka huko watakusalimu kwa Kichagga, "Shimbonyi", na kukutazama jinsi mtu mzima anavyotazamwa akifanya jambo la kitoto. Lango liko kwenye usawa wa mita 2,000 hivi. Kutoka hapo ni njia ya gari, ile inayotumiwa kupeleka mizigo Horombo na kushusha wagonjwa. Watembea kwa miguu wanapandia njia ya Marangu, kwa hiyo msituni uko peke yako na mbega. Udongo ni mwekundu, na ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Msitu ukiisha vinaanza vichaka, mawe yanaongezeka, na mawingu yanabaki chini yako.

Tatizo la Kilema ni hiyo siku ya kwanza. Anayepanda kwa Marangu analala kwenye vibanda vya Mandara, mita 2,720, kabla ya kufika Horombo. Mwenye baiskeli kwa kawaida anakwenda Horombo moja kwa moja: mita 1,700 za kupanda, kisha analala mita 3,720. Kanuni wanayofundisha madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Ratiba hiyo inaikanyaga kanuni mchana kweupe. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya Kilema yenye usiku mmoja tu wa Horombo kabla ya Kibo, mwambie aongeze wa pili, au tafuta mwingine. Usiku wangu wa kwanza pale kichwa kiligonga mpaka alfajiri na chai ndiyo kitu pekee kilichopita kooni. Siku ya pili nilizunguka hadi kwenye yale miamba yenye milia nikarudi kulala palepale, na siku ya tatu nikawa mtu tena.

Sirimon ni habari nyingine. Nanyuki yenyewe iko zaidi ya mita 1,900, wakati Moshi haifiki 1,000, kwa hiyo usiku mbili za Nanyuki tayari ni dawa. Unatoka mjini kwa barabara ya Meru, kilomita 15 hivi unakata kulia, kilomita 10 nyingine uko langoni, kisha zile 9. Jumla kilomita 34 na mita 1,350 za kupanda, kazi ya siku moja kwa mtu mwenye miguu, na jioni unaweza kuwa umerudi mjini unakula nyama choma. Hakuna siku ya namna hiyo upande wa Kilimanjaro.

Lakini Sirimon ina wenyewe. Asubuhi niliyopanda nilikuta kinyesi cha nyati katikati ya barabara, bado kinatoa moshi. Nikasimama. Baiskeli ni kimya, hilo ndilo tatizo lake porini: gari wanalisikia toka mbali, mtembeaji anaongea na wenzake, wewe unatokea tu kwenye kona kama mzimu. Tangu hapo napiga kengele kila kona na kuongea kwa sauti, hata kama ni peke yangu na hata kama ninachoongea ni kuilaumu gia. Tembo nao wapo kwenye msitu ule. Mlinzi wa langoni akikwambia subiri kwanza, subiri.

Ukifika Old Moses barabara inaendelea kidogo kuelekea minara ya mawasiliano, halafu inakuwa njia ya miguu kuelekea kambi ya Shipton's, mita 4,200. Baiskeli iache pale.

Naro Moru nimeitaja kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kupanda kwa baiskeli popote. Lango liko mita 2,400, kambi ya Met Station iko mita 3,050, kilomita 10 hivi za njia ya gari. Ni laini kuliko Sirimon kwa hewa, na ina kivuli. Ila usidanganyike kuendelea: juu ya Met Station kuna mwinuko wa tope ambao hata wenye mabuti wanaulaani.

Kuteremka

Kama sababu yako ya kupanda ni kushuka, hapa Kilema inashinda, wala si kwa kubahatisha. Kutoka Kibo hadi langoni ni mita 2,700 za mteremko. Unaanza kwenye jangwa la mawe na barafu ya asubuhi, unakata tambarare kwa mwendo ambao siku mbili nyuma ungeona ni ndoto, unapita mimea mikubwa ya senesio iliyosimama kama watu waliovaa blanketi, masikio yanazibuka moja baada ya jingine, na ghafla kuna harufu ya udongo na majani. Joto linarudi mikononi. Nimeshateremka milima mingi, ule wa Kilema ndio pekee uliobadilisha hali ya hewa mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Sirimon inateremka vizuri, kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha imekwisha. Tamu, fupi.

Onyo moja la Kilema: baina ya Kibo na Horombo unakutana na watu wa Marangu, na hasa wapagazi. Mpagazi amebeba hadi kilo 20, mzigo uko kichwani au mabegani, hawezi kuruka pembeni kwa sababu wewe unafurahia mteremko. Punguza, au shuka kabisa, na salimia. Mlima ni ofisi yake.

Sasa breki. Safari ya Kilema nilikodi baiskeli mjini, duka sitalitaja. Kabla ya kuondoka niliangalia tairi, mnyororo, gia zote ishirini na nne, hata kengele. Pedi za breki sikuziangalia. Kilomita chache chini ya Horombo breki ya nyuma ikaanza kulia kama mbuzi, kisha ikaanza kukwaruza chuma kwa chuma, kisha ikawa pambo. Niliteremka msitu mzima kwa breki ya mbele peke yake, nikisimama kila baada ya dakika chache kuipoza diski, huku vidole vikiwa vimekakamaa hata kufungua zipu siwezi. Pedi mpya ni kitu cha kuweka mfuko wa shati. Nunua seti mbili, jifunze kuzibadilisha nyumbani sebuleni, ndipo ukafanye juu ya jiwe.

Baiskeli gani?

Watu wanaogopa kwamba hawana baiskeli ya mamilioni. Hesabu gia kwanza. Baiskeli mpya za bei mbaya zina gia moja ya mbele, tuseme meno 30, na kubwa ya nyuma yenye meno 51: mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu asilimia 59 ya mzunguko. Mtumba wako wenye gia tatu za mbele, ndogo ikiwa na meno 22, na kubwa ya nyuma meno 34, unakupa asilimia 65. Tofauti ipo, lakini si ya kukuzuia safari. Nilichokiona ni kwamba shokapu ya mbele inatosha kwa njia zote hizi. Ya nyuma ni starehe wakati wa kuteremka Kilema na ni uzito wakati wote mwingine. Breki za diski ndizo nisizokubali kujadiliana. Breki za mpira zinazobana rimu, kwenye tope la Kilema, zinakula rimu na kujila zenyewe.

Jambo moja dogo ambalo fundi wa mtaani hatakwambia: upepo wa tairi. Ukijaza Moshi na kupanda hadi Kibo, hewa ya nje inapungua, kwa hiyo tairi linazidi kukaza kwa kama PSI 5 (kile kipimo cha upepo kwenye pampu) bila wewe kugusa pampu. Baridi inapunguza kidogo, lakini bado utaanza kudundadunda juu ya mawe kama mpira. Jaza kidogo chini ya kawaida, au toa kidogo ukifika Horombo, na kumbuka kurudisha ukishuka, la sivyo utabana tyubu kwenye jiwe na kupata pancha msituni. Sirimon huna haja ya kujisumbua, tofauti kutoka Nanyuki hadi Old Moses haifiki nusu ya hiyo.

Pesa, vibali na majira

Hapa mizani inaegemea upande mmoja bila aibu. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na safari inapitia kampuni: kuna kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, malazi, ada ya uokoaji, mwongozaji, mpishi, wapagazi. Siku nne au tano za Kilema ni bajeti ya mtu aliyeweka akiba mwaka mzima, hata kwa sisi raia tunaolipa kwa bei ya nyumbani. Kibali cha baiskeli kiulize mapema na kiwe kimeandikwa. Usikubali kuambiwa "tutaongea langoni".

Mlima Kenya unaweza kuingia kwa siku, ukalipia kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, ukapanda na kushuka. Usiende peke yako. Chukua mwongozaji wa Nanyuki mwenye baiskeli yake, wapo, na malipo yake ni sehemu ndogo tu ya gharama za Kilema. Mtanzania anayekwenda na baiskeli yake abebe risiti. Mpakani mtu wa forodha akiona fremu inang'aa anapata hamu ya kuuliza maswali.

Kwa majira, Kilema inafaa Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika usijaribu, ule msitu unakuwa bwawa. Sirimon iko upande mkavu wa Mlima Kenya, kwa hiyo inasamehe zaidi, lakini Januari, Februari, na Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuipigia hesabu. Popote utakapokwenda, anza asubuhi, mawingu ya mchana hayana urafiki.

Basi nani aende wapi?

Kama ni mara yako ya kwanza juu ya mita 3,000, nenda Sirimon, hata kama unakaa Moshi na Kilimanjaro unauona dirishani. Utaendesha kweli, utajua kichwa chako kinavyopokea hewa nyepesi, na mambo yakiharibika uko nusu saa ya mteremko kutoka langoni. Kama huna uhakika hata na hilo, panda kwanza Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 na kama mita elfu moja za kupanda, bila ada ya hifadhi na ndizi zinauzwa njiani. Wa Nairobi ana vilima vya Ngong.

Kama umeshafanya hayo, una siku tano, una pesa, na huoni vibaya kukokota kwa saa nyingi ili upate mteremko ambao hutausahau, nenda Kilema. Na ukitaka Uhuru kwa miguu baada ya kuacha baiskeli Kibo, panga siku nyingine kwa ajili hiyo. Usifike Kibo kwa pedeli mchana na kuanza kupanda kilele usiku uleule. Miguu itakubali, mapafu yatakataa. Mimi sikwenda. Nililala saa mbili kibandani, nikanywa supu, nikageuza usukani.

Binamu yangu hasikii la Sirimon. Amesema Januari ni Kilema, na tayari amewatangazia watu wa ofisini, kwa hiyo hawezi kurudi nyuma. Nimempa seti mbili za pedi na glavu zangu za sufi. Yule wa Thika ameondoka Ijumaa kwenda Nanyuki, na ujumbe wake wa mwisho ulikuwa picha ya kinyesi cha nyati na maneno mawili: "Bado moto."